Baada ya kuvuta moshi au gesi: namna ya kumwangalia mgonjwa kuanzia saa ya kwanza hadi miezi ya mbele

Moto umezimwa, godoro limetupwa uani likiwa bado linafuka, na aliyekuwa ndani ametolewa mzima. Hana kidonda. Anakohoa kidogo, anaomba maji, anawaambia majirani kwamba hana neno. Mara nyingi hapa kwetu Tanga mambo huishia hapo: mgonjwa hutandikiwa apumzike, watu hurudi makwao wakisema ameponea chupuchupu. Lakini kifua kilichovuta moshi hakitoi madhara yake yote siku hiyo. Mengine huja usiku wa manane, mengine siku ya tatu, mengine baada ya wiki kadhaa, pale ambapo hakuna tena anayekumbuka kuuhusisha moto na kikohozi.

Mwongozo huu nimewaandikia wanaokaa na mgonjwa: mke, mama mkwe, kaka, jirani mwenye bajaji, msimamizi wa karakana. Daktari ana kazi yake, na mwongozo huu hauwezi kuchukua nafasi yake. Ila daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, nyinyi mnaona usiku mzima.

Kwanza, jua kilichoumia

Madhara huja kwa njia tatu, na mtu mmoja anaweza kuzipata zote kwa mpigo.

Ya kwanza ni joto. Hewa ya moto huunguza mdomo, koromeo na zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Kwa kawaida haishuki zaidi ya hapo kwa sababu koo huipoza njiani. Mvuke wa maji ndio unaoweza kufika chini, maana hubeba joto jingi kuliko hewa kavu. Sehemu iliyoungua huvimba, na uvimbe huendelea kukua katika saa 24 za mwanzo. Mtu aliyezungumza vizuri saa mbili usiku anaweza kukosa njia ya kupitisha hewa alfajiri. Kwa mtoto mchanga ni hatari zaidi, kwa kuwa njia yake ya hewa si pana kuliko mrija wa soda.

Ya pili ni kemikali. Masizi na gesi za vitu vinavyoungua huchubua utando wa njia za hewa mpaka ndani. Utando huo hubanduka, ukachanganyika na makohozi, ukaziba mirija midogo. Nyuma ya mrija ulioziba hewa haifiki, na vijidudu hupata mahali pa kuzaliana.

Ya tatu ni sumu inayoingia kwenye damu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haihitaji nyumba iungue. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa mvua, jenereta iliyowashwa dukani umeme ulipokatika, pampu ya petroli iliyoshushwa kisimani, zote huitoa. Na godoro la sponji, nailoni na plastiki zikiungua hutoa pia sianidi, ambayo huuzuia mwili kuitumia oksijeni hata ikiwepo.

Kisha kuna gesi zisizo na moshi. Klorini na amonia huwasha macho na koo papo hapo, kwa hiyo mtu hukimbia mapema. Njia rahisi ya kutengeneza klorini bila kukusudia ni kuchanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, kwenye choo kidogo kisicho na dirisha. Ninazoziogopa zaidi ni zile zisizowasha sana. Vidonge vya kuhifadhia mahindi hutoa fosfini vikipata unyevu wa hewani, na wapo watu wanaolala chumba kimoja na magunia hayo. Nitrojeni dioksidi hutoka pale fundi anapochomelea ndani ya tangi au mahali palipozibwa. Gesi za namna hii hupita kooni bila kelele, zikaumiza vifuko vya hewa, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa hadi siku tatu baadaye.

Hatua ya 1: Mtoe bila kuongeza mgonjwa wa pili

Piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Kama njia iko wazi na moshi uko juu, inama chini kabisa, mvute mtu mtoke. Kitambaa kibichi puani huzuia masizi kidogo lakini hakizuii kaboni monoksidi, kwa hiyo kisikupe ujasiri wa kurudi ndani mara ya pili.

Shimo la choo, kisima na tangi lililofungwa ni habari nyingine kabisa. Mtu akianguka humo bila sababu inayoonekana, hewa ya mle ndiyo iliyomwangusha, na itakuangusha na wewe ndani ya pumzi chache. Gesi ya hidrojeni salfaidi inanuka yai bovu ikiwa kidogo. Ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo kukosa harufu si dalili ya usalama. Ndiyo maana shimo moja huchukua ndugu wawili, watatu, kila mmoja akimfuata mwenzake. Usishuke. Mrushie kamba kama bado ana fahamu, ita Zimamoto, zuia wengine wasishuke hata wakikutukana.

Hatua ya 2: Dakika za mwanzo

Mpeleke kwenye hewa safi, mkalishe akiegemea. Kulala chali humbana mwenye kifua kilichoumia na humwongezea kazi mwenye koo linalovimba. Asiye na fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu. Asiyepumua, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi kama unajua namna. Kama ni sumu ya gesi au vidonge vya nafaka, usimpulizie kwa mdomo wako.

Nguo zenye masizi au kemikali zitoke. Macho na ngozi vilivyoguswa na klorini, amonia au chokaa vioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Vumbi la chokaa lipukutwe kwanza, maana likikutana na maji kidogo linaunguza.

Sasa suala la maziwa. Najua kila nyumba ina mtu atakayekimbilia dukani kuleta maziwa, na anafanya hivyo kwa upendo. Maziwa huenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu, hayaondoi kaboni monoksidi kwenye damu, na mtu anayekohoa au aliyelegea anaweza kupaliwa nayo, ikawa ajali juu ya ajali. Hali kadhalika mafuta ya nazi, asali na juisi ya ndimu. Mwenye fahamu kamili, asiyebanwa pumzi na anayemeza vizuri anaweza kupewa maji kidogo ya kulainisha mdomo. Zaidi ya hapo, subirini hospitali.

Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa nampa nafasi hapa, kwa sababu sumu ile huumiza mapafu kuliko tumbo. Asitapishwe. Akitapika, mafuta huingia kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia kali. Asipewe maziwa wala mafuta mengine. Apelekwe hospitali hata akicheka, na akae chini ya uangalizi kwa saa sita angalau, kwani kikohozi na kuhema haraka huweza kuanza ndani ya muda huo.

Hatua ya 3: Amueni kwenda, msisubiri kuona

Yeyote aliyefungiwa na moshi ndani ya chumba, hata kwa muda mfupi, aonwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Huo ndio msimamo wangu na sina wa kati. Lakini zipo dalili zinazomaanisha kuondoka sasa hivi, na mziangalie kwa tochi ya simu:

- vinyweleo vya puani vimeungua, au kuna masizi ndani ya mdomo, ulimini, nyuma ya koo;
- makohozi meusi;
- sauti imekwaruza au imebadilika, hata kama mwenyewe hajali;
- pumzi inapoingia inatoa mlio mwembamba kooni;
- uso au shingo imeungua;
- alizimia, alichanganyikiwa, au kichwa kinamuuma sana na kutapika;
- ana ujauzito, ni mtoto mdogo, ni mzee, au ana pumu au ugonjwa wa moyo.

Sauti ndiyo dalili inayopuuzwa zaidi. Watu husema "amepiga kelele sana kuomba msaada." Inawezekana, ila sauti iliyokauka baada ya moshi huenda ni zoloto linavimba, na likishavimba kabisa hata daktari hodari hupata taabu kupitisha mpira wa hewa.

Mjamzito naye asidanganywe na nafuu yake mwenyewe. Kaboni monoksidi huvuka hadi kwa mtoto tumboni na hukawia kumtoka kuliko inavyomtoka mama. Mama anaweza kuwa anaongea vizuri huku mtoto anaumia.

Kwa aliyepo mjini, vituo vya afya vya Ngamiani, Makorora na Pongwe viko karibu na watu wengi, lakini mwenye dalili hizo hapo juu aelekee moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Aliyeko Muheza ana Hospitali Teule. Kama mko mbali, kwa mfano vijiji vya Pangani au Handeni, pitieni kituo chenye oksijeni mlicho nacho karibu, aanzishiwe, kisha rufaa iendelee. Njiani akae ameegemea, madirisha ya gari wazi.

Hatua ya 4: Mtakayoyasema pale mapokezi

Aliyeona tukio aende na mgonjwa. Mambo manne yasemwe mapema: kilichokuwa kinaungua au kemikali gani, chumba kilikuwa kimefungwa au wazi, alikaa humo muda gani, na kama alipoteza fahamu. Chukueni chupa ya kemikali au pakiti ya vidonge vya nafaka, imefungwa kwenye mfuko. Ikiwa kuna suala la PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyeumia, mmoja afuatilie polisi huku mgonjwa akiendelea kuhudumiwa.

Mtaona kipimo cha kidoleni kikisoma 98 na mtaambiana kwamba oksijeni ipo ya kutosha. Kuweni waangalifu. Kipimo kile cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi. Zote mbili zinakisomea sawa. Kwa hiyo aliyevuta moshi chumbani anahitaji oksijeni kwa barakoa hata namba ikiwa nzuri, na mna haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, alikuwa kwenye chumba kilichofungwa na mkaa, hiyo namba tunaweza kuitegemea?" Kwa hewa ya kawaida, nusu ya kaboni monoksidi hutoka kwenye damu kwa saa nne hadi tano. Kwa oksijeni ya kiwango cha juu muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Mkimwona mgonjwa anaivua barakoa kwa sababu inamkera, mrudishieni na mkae naye.

Picha ya kifua ya siku ya kwanza inaweza kutoka safi kabisa. Haimaanishi hakuna tatizo, maana maji na nimonia huonekana baadaye. Ombeni nakala hata hivyo, itakuwa ya kulinganishia.

Daktari akisema anataka kupitisha mpira kooni mapema wakati mgonjwa bado anaongea, familia hushtuka na kukataa. Naielewa hofu hiyo. Anafanya hivyo kwa sababu njia ingali wazi. Saa nne zijazo huenda isiwepo. Na asipoandika antibaiotiki siku ya kwanza, hajasahau. Antibaiotiki hazitibu kuungua, na zikitolewa bila maambukizi huzoesha vijidudu dawa. Vidonge vya prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, navyo msivinunue duka la dawa kwa kuambiwa na mtu. Kwa aliyevuta moshi haviponyi kuungua kwenyewe, na huweza kupunguza kinga. Akivihitaji kwa sababu ya pumu yake, daktari atasema.

Hatua ya 5: Siku tatu za mwanzo

Hizi ndizo siku za kukesha, iwe wodini au nyumbani baada ya kuruhusiwa. Tafuteni daftari. Kila baada ya saa nne mchana, na mara mbili usiku, andikeni saa, idadi ya pumzi kwa dakika, rangi ya makohozi, sauti, na kama anaweza kumaliza sentensi bila kutweta.

Kuhesabu pumzi kuna namna yake. Subiri atulie. Weka simu ionyeshe sekunde, tazama tumbo au kifua kikipanda, hesabu kila kupanda kuwa moja, kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, hasa kwa mtoto, kwa sababu watoto hupumua kwa vipindi. Wala usimwambie mtu mzima kwamba unamhesabu, atabadili mwendo bila kujua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ikifika 25 arudi hospitali, ikipita 30 ni dharura. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 na kuendelea ni haraka mno. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Chini ya miezi miwili, 60. Mtazame pia nyama za katikati ya mbavu na chini ya shingo: zikivutika ndani kila anapovuta hewa, anapambana, namba iwe yoyote.

Makohozi meusi kwa siku chache za mwanzo ni masizi yanatoka, na kutoka kwake ni jambo jema. Yakigeuka njano nzito au kijani, yakaja na homa, kuanzia siku ya tatu hivi na kuendelea, fikirieni nimonia. Mapande yenye umbo la mrija au nyuzi nyuzi ni utando uliobanduka. Yahifadhiwe kwenye kikopo daktari ayaone. Makohozi yenye povu jekundujekundu, mgonjwa akashindwa kulala akinyooka, ni mapafu yanajaa maji. Msingoje asubuhi. Mwenye kipimo cha kidoleni nyumbani achukulie chini ya 94 kuwa sababu ya kurudi na chini ya 90 kuwa dharura, akikumbuka kwamba siku ya kwanza kipimo hicho kinaweza kumdanganya.

Neno kwa mafundi wa kuchomelea, na pale Ngamiani wapo wengi. Ukichomelea bomba au bati lililopakwa zinki, jioni au usiku huo, saa nne hadi kumi baadaye, unaweza kupata homa, baridi, maumivu ya mwili na ladha ya chuma mdomoni. Watu humeza dawa ya malaria bila kupima, kesho wanapata nafuu na kusema dawa imefanya kazi. Homa ile huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Pima malaria kwanza, usikisie. Na kama homa inapita siku mbili, au inakuja na kubanwa pumzi, hiyo si homa ya zinki tena. Kuna moshi wa metali nyingine, kama kadimiamu, unaoanza vivyo hivyo kisha ukaua.

Hatua ya 6: Kuitayarisha nyumba

Mgonjwa anaporuhusiwa, chumba chake kiwe tayari. Jambo la kwanza ninalolitaja ni chetezo. Nyumba zetu za pwani hufukizwa udi na ubani, Alhamisi jioni, wageni wanapokuja, mzazi anapotoka arubaini, na hakuna anayeona kuwa ule nao ni moshi. Kwa kifua kilichochubuka, moshi mtamu na moshi wa mpira vinaumiza vilevile. Chetezo kihamie kwa jirani au uani kwa miezi mitatu angalau. Shangazi akiona mnamvunjia heshima, mweleweshe taratibu, mwambie ni agizo la hospitali. Dawa ya mbu ya kuchoma iondoke pia. Tumieni chandarua chenye dawa. Jiko la kuni au mkaa liwe nje, upande ambao upepo wa bahari hauingizi moshi dirishani.

Kujifukiza nyungu nakuomba usimfanyie. Tangu mwaka 2020 watu wengi wamekuwa na imani na mvuke wa majani, lakini koo lililoungua halihitaji mvuke wa moto tena, na sufuria inayochemka chini ya blanketi imeunguza watu. Kama hewa ni kavu na makohozi ni mazito, anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amempunguzia kwa ajili ya moyo au figo.

Asivute sigara, na asivutiwe sigara chumbani.

Kukohoa ni dawa, kwa hiyo msimnyweshe dawa za kukata kikohozi bila ushauri. Mfundisheni kukohoa kusikochosha. Aketi, miguu ikanyage chini, avute pumzi ya wastani kwa pua, azuie kidogo, kisha atoe hewa kwa nguvu huku koo likiwa wazi, sauti itoke "haa" na si "kho". Mara mbili au tatu, apumzike, arudie. Makohozi yakisogea juu ndipo akohoe mara moja ya nguvu ayateme. Asubuhi na jioni, na kabla ya kulala. Kati ya hapo atembee: siku ya kwanza hadi mlangoni, kesho hadi barazani. Akitweta, avute hewa kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta.

Hatua ya 7: Pampu ya kuvuta, na chupa ya maji

Wengi hutoka na pampu ya salbutamol kwa sababu njia za hewa hujibana na kifua hupiga filimbi. Dawa ni nzuri, matumizi ndiyo huharibika: mtu hupuliza mdomoni, dawa ikaishia ulimini. Kifaa cha kusaidia kinauzwa, lakini kinaweza kutengenezwa nyumbani na kikafanya kazi vizuri.

Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, safi. Kitakoni mwake chora duara lenye umbo la mdomo wa pampu. Pasha waya mnene moto, utoboe kwa kufuata mchoro, tundu liwe dogo kidogo kuliko alama ili pampu ibane. Fanya kazi hiyo nje, maana plastiki inayoungua inatoa moshi uleule tunaoukimbia. Kwangua kingo, pigapiga chupa mpaka vipande vyote vitoke, kisha oshea ndani kwa maji na sabuni ya maji. Usifute kwa kitambaa. Iache ikauke yenyewe. Kusugua kwa kitambaa huipa plastiki umeme unaonasa dawa ukutani. Ingiza pampu kwenye tundu, zungushia plasta.

Sasa mgonjwa aketi wima, atikise pampu, atoe pumzi nje, aweke mdomo wa chupa kati ya midomo yake bila nafasi. Bonyeza mara moja tu. Avute taratibu mpaka kifua kijae, azuie hadi hesabu ya kumi. Asiyeweza kuzuia, na mtoto, apumue kawaida mara tano ndani ya chupa. Kama ameandikiwa mbonyezo mbili, ya pili ifuate baada ya dakika moja. Akiwa pia na pampu ya steroidi, asukutue mdomo na kutema kila baada ya kuitumia, la sivyo atapata utando mweupe wa fangasi mdomoni. Akijikuta anaihitaji salbutamol kabla ya saa nne kupita, arudi hospitali.

Hatua ya 8: Wiki na miezi inayofuata

Panga kurudi kliniki hata kama amepona machoni: baada ya wiki moja, kisha kati ya wiki ya nne na ya sita, kisha mwezi wa tatu.

Ile ya kati ina sababu. Aliyevuta nitrojeni dioksidi au moshi mzito wa kemikali anaweza kupata nafuu kamili, kisha wiki mbili hadi sita baadaye akaanza upya kikohozi na kuhema, kwa kuwa mirija midogo kabisa inaota kovu na kuziba. Ikishikwa mapema kuna la kufanya. Ikiachwa, kovu halirudi nyuma.

Kikohozi kinachofika wiki mbili kipimwe pia TB, na kipimo hicho ni bure kwenye vituo vya serikali. Lakini majibu yakiwa hayana TB, msiishie hapo na msikubali kuanzishiwa dawa za TB kwa kubahatisha bila kumweleza daktari habari ya moshi. Mwombeni kipimo cha kupuliza kwenye mashine, spirometa, kinachoonyesha kama njia za hewa zimebana. Kuna pumu inayozaliwa kwa tukio moja tu: mtu hajawahi kuugua kifua, anavuta klorini siku moja, ndani ya saa 24 anaanza kubanwa, na miezi mitatu baadaye bado harufu ya rangi, pilipili ikikaangwa au manukato humkaba. Ugonjwa huo upo, unatibika, na mgonjwa hajidekezi.

Aliyewekewa mpira kooni ana jambo lake la kuangalia. Wiki au miezi baadaye, kovu linaweza kuibana njia ya hewa pale mpira ulipokaa. Ataanza kwa kutweta anapopanda ngazi, kisha mlio utasikika anapovuta hewa, siyo anapotoa. Hupewa pampu ya pumu, haimsaidii. Huyu anahitaji kuangaliwa kwa kamera nyembamba ya njia ya hewa, na rufaa ya Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, ni ya kuombwa mapema. Sauti isiyorudi baada ya wiki tatu nayo ionwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Na kuna kichwa. Aliyelewa kaboni monoksidi anaweza kuamka akiwa timamu, akarudi nyumbani, kisha siku chache hadi wiki kadhaa baadaye akabadilika: anasahau, anakasirika bila sababu, anatembea kwa kuburuta miguu, anajikojolea. Familia huanza kutafuta aliyemtupia kitu. Kabla hamjafika huko, mrudisheni hospitali na mtaje ule moshi, kwa sababu wengi wa hawa hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda wakitunzwa vizuri. Kutolala, kushtuka kila anaponusa mkaa, kukataa kufunga mlango, haya pia yaelezwe kliniki. Kumwambia "mshukuru Mungu uko hai" hakumsaidii alale.

Hatua ya 9: Kurudi kazini, na karatasi

Asirudi kwenye vumbi au moshi kabla spirometa haijapimwa na daktari hajaandika. Hili nalisema hasa kwa wa viwanda vya saruji na chokaa vya Pongwe na Amboni, chumba cha brashi za kusugulia nyuzi kwenye viwanda vya mkonge, wachoma mkaa, na akina mama wanaokaanga samaki siku nzima pale Deep Sea na Sahare. Mwenye mwajiri aombe abadilishiwe sehemu kwa muda. Mwenye biashara yake mwenyewe ana kazi ngumu zaidi, na nisingependa kumwambia tu "pumzika" wakati watoto wanakula kwa jiko lile. Asogeze jiko upande ambao upepo unampiga mgongoni na kupeleka moshi mbele, na kazi ya kuchochea moto aifanye mwingine kwa miezi hiyo.

Ikiwa ameumia kazini, taarifa imfikie mwajiri kwa maandishi mapema, na nakala ibaki kwake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2008, unahusika na ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na kifua kinachoharibika miezi sita baada ya gesi kitahitaji ushahidi wa siku ya kwanza. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajatoka wodini, chukueni muhtasari wa matibabu ulioandikwa wazi kwamba alivuta moshi au gesi, gesi gani kama inajulikana, tarehe na saa, nakala ya picha ya kifua, na jina la kila dawa aliyopewa. Wekeni pamoja na lile daftari la pumzi, mahali ambapo maji ya mvua hayafiki.